Baba Anataka Kujua Rumi Ilikufaje

Firq, 12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Khulood,

Nakusalimu wewe, shemeji Hamoud na watoto, na kila anayekula kwenye sinia lako. Huku hatujambo. Mguu wa wifi yako Tamima umepungua uvimbe. Mafundi wangu kumi na watatu wako kazini wote. Joto limeanza kwenda zake na bado magari yanakuja, viyoyozi vinapumua kama ng'ombe wa mnadani Sinaw. Baba hajambo. Macho ndiyo basi tena, lakini masikio! Jirani akifunua chungu, yeye anajua kimepikwa nini.

Barua yako Obaid muuza samaki kaileta Ijumaa pamoja na samaki wake, inanuka jodari kama zote. Baba hakungoja. "Isome hapa hapa," na wageni wamejaa chumba cha majlisi, kahawa mikononi. Unaijua kanuni yake: simu ni ya maiti na harusi, Kiswahili kina haki ya karatasi. Nikasoma. Nilipofika pale unapoeleza Warumi wa mwisho walivyokuwa wakibomoa mahamamu yao wenyewe wapate mawe ya kujengea ukuta, akapiga goti kwa kiganja. "Mnamsikia mwanangu wa Sur?" Kisha kasema, watu kumi na mmoja wanasikia: "Nyumba ya Hazim ina kila kitu ila mazungumzo. Baridi ikiingia nataka nikakae kwa Khulood."

Khulood, mwaka wa tisa huu nakosha miguu ile. Mama alipougua nilitoka skuli na miaka kumi na sita, nikaingia chini ya magari ya watu, wewe ukasoma. Sikulalamika, na leo pia silalamiki, nahesabu tu.

Sasa sikiliza. Swali lake unalijua, analo tangu alipokuwa mwalimu Unguja, kabla ya mapinduzi kumleta huku ng'ambo, na hajapata kumkubalia mtu jibu: ule ulimwengu wa Wayunani na Warumi, uliosimama miaka elfu na zaidi na barabara zake na mifereji yake na vitabu vyake, nini kiliumaliza? Wewe ndiye uliyesomea. Nambie kwa maneno machache, kama mimi ninavyomwambia mtu gari lake lina nini. Nataka Ijumaa moja nimjibu mimi.

Na unapoandika, ya kusomwa mbele yake yaweke juu, kisha piga mstari. Ya chini nitayasoma mwenyewe.

Kaka yako,
Hazim


Sur, 27 Oktoba 2024

Kaka Hazim, shikamoo.

Shikamoo ya pili ni ya Baba, mpe kabla hujakaa. Wifi Tamima mwambie mafuta ya habasoda nimempa Obaid, apake usiku. Hamoud anawasalimu kwa Kiarabu chake cha pwani. Mamake bado anauliza kwa nini Baba hawajui mababu zake walioleta mbao kutoka Malabar. Namwambia Baba anawajua watu waliokufa zamani zaidi.

Baba, juzi nimewafundisha wanafunzi kwamba mji wa Rumi ulikuwa na watu kama milioni moja, na karne chache baadaye wakabaki labda elfu thelathini, wanachunga mbuzi mahali walipokuwa wakihutubiana. Msichana mmoja akaniuliza, "Ustadha, hao wengine walikwenda wapi?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikukumbuka wewe.

————————

Kaka, sijui nimekuibia nini. Wewe unaye nyumbani. Lakini umeniomba, na mimi sikatai.

Jibu ni risasi, yale madini. Mabomba yao ya maji yalikuwa ya risasi, masufuria waliyochemshia mvinyo yamepakwa risasi. Sumu ikawaingia mifupani: wakubwa wakawa wazembe wa akili, wake zao wakawa hawazai. Wewe unayajua madini hayo kuliko mimi, umelehemu rejeta kwa risasi maisha yako yote. Mweleze kwa maneno yako, usisome.

Khulood


Firq, 17 Novemba 2024

Khulood,

Salaam zipo, jichagulie mwenyewe.

Nilijitayarisha. Nilivaa kanzu mpya. Nilichukua bomba la rejeta ya zamani nikalikata, niwaonyeshe wageni risasi ilivyokaa ndani, nikampa na Baba alishike. Nikasema yote. Wageni wakasogea karibu, nikadhani nimepata.

Baba kaligeuza lile bomba kwenye vidole. "Hazim, maji hayo Warumi waliyanywa miaka mingapi?"

Nikasema, "Mia tano, labda zaidi."

"Na katika miaka hiyo mia tano walikuwa nani?"

"Mabwana wa dunia, Baba."

"Basi nitafutie na mimi sumu hiyo."

Mzee Mahrous, mgeni wetu wa kila Ijumaa, kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Hayo ningeyameza. Mtu akikosea anachekwa, hata mimi nawacheka mafundi wangu. Lakini Baba kaendelea: "Khulood alikuja na risasi hii akiwa na miaka kumi na saba. Nilimrudisha nayo mlango ule ule alioingilia."

Mlango ule ule. Kwa hiyo ulijua. Ulikaa Sur, ukachagua kitu kimoja katika vitu vyote, ukachagua kile ambacho fundi atakipenda, ukanambia na nisisome, nieleze kwa maneno yangu. Mteja akiniletea gari na mimi nikamtilia kifaa ninachojua kimekufa, mtu huyo anaitwaje kwenu chuoni?

Hazim


Sur, 6 Desemba 2024

Kaka Hazim, shikamoo, na Baba shikamoo.

Tunashukuru, afya zipo. Mwanangu Maen kaanza kuota ndevu na hataki kuambiwa.

Baba, hii ni ya kwako. Chumba kinachotazama bahari nimekipaka rangi, kitanda nimekishusha ili miguu ifike chini, na choo kiko hatua chache. Hamoud mwenyewe kasema, "Mzee aje, majlisi ni yake." Njoo baridi hii. Kuna mambo mapya yameandikwa kuhusu mwisho wa Rumi na sina wa kubishana naye.

————————

Kaka, ile ya risasi vitabu vipo vinavyoisema, sikuibuni.

Haya, nilijua. Wewe unamkosha miguu, unamlisha, unajua akikohoa kikohozi gani ni cha kifua na kipi ni cha hasira. Mimi nilipotoka nyumbani nilimshika kwa maneno tu. Sasa unataka na maneno. Nikikupa na hayo nitabaki na nini?

Jibu ninalolifundisha ni hili. Mwaka 536 jua lilififia mwaka mzima kwa majivu ya volkano, mazao yakafa, baridi ikakaa miaka. Mwaka 541 tauni ikaingia kupitia bandari za Misri pamoja na nafaka, na watu wakafa mpaka wazikaji wakaisha. Nani atalima, nani atalipa kodi, nani atashika mkuki? Hili mpe. Hatakucheka.

Khulood


Sur, 14 Januari 2025

Kaka Hazim, shikamoo.

Hii yote ni ya chini ya mstari, kwa hiyo mstari sikuupiga.

Nimengoja jibu la barua yangu ya Desemba. Nikasema labda Baba anafikiri, labda wifi kaumwa tena. Jana Obaid kapita, nikamwuliza. Kanambia alimsalimu Baba mlangoni kwako akamtania, "Mzee, lini nikupakie na samaki nikupeleke Sur?" Baba kajibu, "Sendi nisikoalikwa."

Obaid kashangaa. Kamwambia chumba nimekipaka rangi, na yeye mwenyewe ndiye aliyenibebea ndoo. Kasema Baba alisimama pale na fimbo yake mpaka wewe ulipotoka na viatu vyake.

Barua ile uliisomaje, kaka? Ulianzia wapi na uliishia wapi?

Khulood


Firq, 30 Januari 2025

Mdogo wangu Khulood,

Salaam kwenu. Baridi imeshika, kazi ya viyoyozi imelala, sasa tunazibua hita. Mwanangu Hood kapata leseni.

Baba anakuja. Hood atamleta Jumamosi. Mimi sitakuja, nina gari la mtu.

Uji asubuhi, mwepesi, usitie sukari hata akiomba. Mito miwili, wa pili chini ya magoti. Miguu ikoshwe kwa maji ya vuguvugu na chumvi, na baina ya vidole ukaushe khasa. Akikohoa usimwulize kama anakohoa. Akiamka akaita "Hazim," mwitikie tu. Hataki kitu, anataka kujua kama kuna mtu.

Kuhusu kusoma barua: niliisoma mpaka kwenye ndevu za Maen, nikasema, "Imeisha." Umeniuliza, nimekujibu. Tangu siku ile hajanisemesha ila kuomba maji.

Na mimi nina swali langu. Tauni yako na majivu yako sikumpelekea. Nilikwenda nikanunua kitabu cha Kiarabu Nizwa, nakisoma karakana kila mafundi wakienda kula. Tauni imekuja mwaka 541. Mfalme wa mwisho wa Rumi yenyewe kaondoshwa mwaka 476. Maiti kaugua miaka sitini na mitano baada ya kuzikwa? Hesabu haikai.

Lakini nimeona kitu. Mwaka 395 mfalme kafa akaacha wana wawili. Mmoja kapewa mashariki, mmoja kapewa magharibi. Watu wa kaskazini wakipita katikati, huyu anawasukumia kwa nduguye, na yule anawarudisha. Miaka kumi na mitano tu, mji wa Rumi ukaporwa. Katika barua zako zote hawa wawili hukuwataja hata mara moja. Wewe unayejua mpaka rangi ya jua la mwaka 536!

Hazim


Sur, 9 Machi 2025

Kaka Hazim, shikamoo. Ramadhani karimu kwenu nyote.

Baba kafika salama na anafunga, hasikii la mtu. Hood tulimpa nguru wawili, usije ukasema hakuwaleta.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha sijapata kuiona. Tulibishana tangu Magharibi mpaka usiku. Nilimweleza mambo ya barafu, wataalamu wanavyoichimba na kukuta ndani yake majivu ya miaka ile, akacheka kama mtoto. Nikajiambia, ndiyo haya niliyokuwa nikiyataka.

Wiki ya pili akaanza kunyamaza. Nikimletea hoja anasema, "Mm." Nikimkosha miguu anairudisha. "Hazim hakaushi hivyo." Usiku anaita jina lako. Ulinambia niitike, nikaitika. Akasema, "Wewe siye," akageukia ukutani.

Sasa hao ndugu wawili. Sikuwataja kwa sababu mmoja alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi na mwingine mtoto wa miaka kumi. Hawakuamua chochote. Kila mmoja alikuwa na mkubwa wa nyumba anayemwambia nduguyo anakula haki yako. Waliochukiana ni hao wakubwa, kaka. Watoto walikuwa majina tu kwenye sarafu. Unataka kujua nani aliwagombanisha? Anza na aliyegawa.

Sisi tuligawiwa na nani? Wewe mikono, mimi maneno. Mimi nilikuwa na miaka minane, sikuchagua.

Khulood


Firq, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Idi imepita, Mungu atukubalie sote. Shuwa, nyama ya kufukia ardhini, tuliitoa shimoni siku ya pili. Nyama ilikuwa laini, ikabaki nusu. Mzee Mahrous alikuja, kakaa, kanywa kikombe kimoja, katazama ule mto wa Baba uliokaa peke yake, kasema ana safari. Hana safari yoyote. Ijumaa mbili sasa sifungui majlisi. Tamima ananambia, "Si ulikuwa unalalamika kelele?" Nimemwambia anyamaze.

Ya kugawiwa nimeyasoma. Siyajibu, kwa sababu huyo unayemsema yuko kwako, amefunga Ramadhani na miaka themanini na sita, na mimi sitamsema.

Hapa chini msomee yeye, ukitaka. Ukiona ufanye nilivyofanya mimi, nitakuwa sina la kukulaumu.

Baba, shikamoo. Mimi Hazim. Jibu langu hili, hakunipa mtu. Mwaka 439 walipoteza Karthago, kule Afrika, bila ya vita vikubwa. Adui kaingia watu wako kwenye michezo. Lakini Karthago ndiyo iliyokuwa inawalisha. Ngano yao ilitoka huko, mafuta ya zeituni huko, kodi nono huko, na kulinda hakuhitaji askari wengi. Mimi nimepata kukosa mteja mmoja mkubwa, mwenye magari arubaini. Siku ile hakuna kilichovunjika. Nilifungua karakana kama kawaida. Mwezi wa tatu nikapunguza mafundi wawili, kwa hiyo kazi ikachelewa, kwa hiyo wateja wadogo wakaondoka, kwa hiyo nikapunguza wengine. Mimi niliokoka kwa sababu nilikuwa na nduguye Tamima wa kunikopesha. Rumi ilipiga hodi kwa jamaa zake wa mashariki. Walikuja mara moja na marikebu elfu, mwaka 468, zikachomwa moto baharini, hawakuja tena. Baada ya hapo ni kupunguza tu, mpaka siku wakampunguza mfalme. Kwa hivyo mimi nasema hakuna aliyeiua. Ilikosa wa kuilisha, na kila siku ilifungua mlango kama kawaida.

Hazim


Sur, 25 Aprili 2025

Kaka Hazim, shikamoo.

Nimemsomea. Nakwambia kweli, kwanza niliikunja nikaitia kwenye mkoba, ikakaa humo siku nne. Siku ya tano nikamsomea.

Kaisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Soma tena." Nikasoma tena. Nikamwambia, kwa haki kabisa, kwamba lina tundu: mashariki nayo baadaye ilikosa Karthago hiyo hiyo na bado ilisimama miaka mia saba. Na kukosa ngano hakuelezi kwa nini watu waliacha hata kusoma. Baba kasema, "Najua. Si jibu. Lakini ni lake."

Mimi nimemletea majibu thelathini na matatu, tangu nina miaka kumi na saba. Hakuna hata moja aliloniambia ni langu.

Basi tangu siku hiyo hana mwingine. Shemeji zangu wakija ni Hazim. Muuza barafu kaja, kaambiwa habari za karakana ya Hazim. "Mwanangu wa Firq akiweka sikio kwenye mashine anajua ugonjwa wake." Hamoud kaniuliza, "Huyo kakako ni fundi au waziri?" Jana nimemwekea sahani ya wali wa nazi niliousimamia mwenyewe tangu asubuhi. Katia tonge moja. "Kwa Tamima huwa hauna mawe." Mawe, kaka! Mchele ule ule wa pakiti!

Nimechoka. Njoo umchukue. Anakutaka wewe, na mimi siwezi kukaa nyumba moja na wewe usiyekuwepo.

Khulood


Firq, 10 Mei 2025

Mdogo wangu Khulood,

Nakusalimu, na usiwaulize sana watoto. Kile kikapu cha tende mlichokikuta jana nje ya majlisi ni changu.

Nilikuja. Nilifunga karakana tangu Alkhamisi, kiti cha mbele nimekilaza, mito miwili nyuma. Nilipita Sinaw nikatia petroli, nikafika kwenu watu wametoka Alasiri. Milango iko wazi, viatu vimejaa kizingitini. Nikavua changu kimoja. Ndipo nikamsikia.

"Mafundi thelathini," anasema. Thelathini, Khulood! Wako kumi na watatu, na mmoja yuko likizo kwao Kerala. "Alianza na spana moja. Hakuna aliyemshika mkono, hata mimi sikumshika. Mimi nilikuwa nashughulika na wafu wa Rumi." Watu wanamsikiliza. Mtu mmoja, nadhani ni nduguye Hamoud yule mwenye sauti ya kukwaruza, kamwuliza, "Na hiyo Rumi yako, mzee, mwishowe nini kiliimaliza?" Baba kasema, "Kaulizeni Firq."

Wakacheka wote, lakini hawakumcheka mtu.

Nilisimama na kiatu kimoja mkononi. Nina miaka hamsini na minane. Sauti ile nimekuwa nikiisikia kila Ijumaa, jina likiwa lako, na mimi ndiye ninayepitisha kahawa. Hatua mbili tu, ningeingia, ningembusu kichwa, angesema, "Ah, umekuja, niletee maji." Nisingekuwa tena wa Firq. Ningekuwa yule wa maji. Na kabla hatujafika Ibra angekwishaanza: Khulood hivi, Khulood vile, wali wa Khulood wa nazi.

Unaona tulivyogawiwa? Aliye mbali ndiye anayependwa, aliye karibu ndiye anayeitwa usiku. Sijui kipi ni kikubwa. Hilo nimeshindwa kulipigia hesabu njia nzima, na njia ile ni ndefu.

Nikavaa kiatu, nikaweka kikapu, nikarudi na viti vitupu.

Usimwambie kuwa nilikuja. Miguu ikaushe baina ya vidole. Mwezi ujao nitakuja kumchukua, nakuapia, na nitaingia mpaka ndani. Mwezi huu niachie.

Kaka yako,
Hazim